Kuotesha utando mwembamba wa metali juu ya grafini: mwongozo kamili wa maabara

Ukivukiza dhahabu ya nanomita 5 juu ya grafini safi bila maandalizi yoyote, kisha ukaitazama kwa hadubini ya elektroni, hutaona utando. Utaona visiwa vya dhahabu vilivyotengana, na katikati yake uso mtupu. Kipimo cha unene kilisema nanomita 5, nacho hakikukosea: kilitaja wastani wa metali iliyotua, hakikutaja umbo iliyolichukua. Wanafunzi wengi hukwama hapo wakidhani mashine ni mbovu. Mashine ni nzima. Atomi za dhahabu ndizo hazikupata sababu ya kusimama pale zilipoangukia.

Karibu kila hatua utakayoisoma hapa inajibu swali hilo moja: utazifanyaje atomi zisimame? Mfano mkuu ni dhahabu juu ya grafini iliyohamishiwa kwenye silikoni yenye oksidi, kwa kuwa ndiyo kazi inayomkuta mwanafunzi mara nyingi zaidi. Fedha, titani, nikeli na wenzao nitawagusa kila wanapohusika. Ninadhani una njia ya kufika kwenye maabara yenye chemba ya ombwe na mtu wa kukusimamia.

## Kwanza elewa kwa nini metali hukataa kutandaa

Grafini ni safu moja ya atomi za kaboni zilizopangwa kwa pembe sita, jirani na jirani wakitengana kwa nanomita 0.142. Kila atomi imeshikana na tatu za pembeni, na elektroni inayobaki imeingia kwenye wingu la pamoja lililo juu na chini ya safu. Hakuna mkono uliobaki wazi kumpokea mgeni. Ndiyo maana nishati ya uso wake ni ndogo mno, kama jouli 0.05 kwa mita ya mraba, wakati ya dhahabu inakaribia 1.5. Kitu chenye nishati kubwa ya uso kikiwekwa juu ya chenye nishati ndogo hujikusanya, kama maji juu ya jani la gimbi.

Sasa itazame atomi moja moja. Ndani ya kipande cha dhahabu, atomi imefungwa kwa elektronivolti 3.8 hivi (elektronivolti ni kipimo cha nishati kinachofaa atomi). Juu ya grafini imeshikiliwa kwa takriban sehemu ya kumi ya elektronivolti, na kizuizi cha kuhama kutoka pembe sita moja kwenda nyingine ni sehemu chache tu za mia za elektronivolti. Joto la kawaida la chumba peke yake lina 0.025. Kwa hiyo atomi ikishatua hukimbia, na haiachi kukimbia mpaka ikutane na kitu: atomi nyingine ya dhahabu, kunjo la grafini, ukingo, kasoro, au uchafu. Hapo ndipo mbegu ya kisiwa inapozaliwa. Mbegu zikiwa chache na mbali mbali, visiwa vitakuwa vikubwa na virefu kwenda juu, na utahitaji metali nyingi kabla havijagusana. Mbegu zikiwa nyingi na karibu karibu, visiwa hugusana mapema, na utando hufungika ukiwa bado mwembamba. Ukuaji huu wa visiwa huitwa wa Volmer-Weber.

Metali zote hazifanani, hata hivyo. Dhahabu, fedha, shaba, alumini na platini huishika grafini kwa mvuto dhaifu tu, zikikaa umbali wa kama nanomita 0.33 juu yake. Titani, nikeli, kobalti na paladi hufunga vifungo vya kweli na kaboni na kusogea karibu zaidi, nikeli na kobalti zikifika kama nanomita 0.21. Titani hutandaa vizuri kiasi kwamba hutumiwa kuwa zulia la metali nyingine. Nikeli na kobalti zina faida ya ziada: umbali kati ya atomi zake unakaribia sana ule wa grafini, 0.249 na 0.251 dhidi ya 0.246, kwa hiyo zinaweza kujipanga zikifuata mistari ya grafini yenyewe. Dhahabu iko 0.288, mbali kabisa.

## Hatua ya kwanza: amua utando ni wa kazi gani

Usikimbilie chemba kabla ya kujibu hili, kwa sababu dawa ya visiwa ina bei yake, na bei hiyo hutofautiana kwa kila kazi.

Kama unatengeneza maungio ya umeme ya transista, unahitaji metali inayoshika grafini kwa nguvu, halafu dhahabu juu yake. Titani, kromi, nikeli au paladi zitafaa. Usitumie dhahabu peke yake: itabanduka siku ya kwanza utakapoosha sampuli. Kama unataka utando wa kuchezesha mwanga, kromi na titani zitakuharibia kazi, kwa sababu zinanyonya mwanga hata zikiwa nanomita 1 au 2. Hapo punguza mbegu, yaani safu nyembamba inayowekwa kwanza ili metali ipate pa kushika, hadi kiwango cha chini kabisa au fanya kazi kwenye baridi kali. Kama ni elektrodi inayopitisha mwanga, fedha juu ya mbegu ya gerimani ya nanomita 1 hadi 2 ni njia iliyokwishathibitika kulainisha utando.

Na ikiwa unahitaji kuongeza nguvu ya ishara za Raman za molekuli (mwanga wa leza unaorudi ukiwa umebadilika rangi kidogo), basi visiwa ndivyo unavyovitaka. Ruka hatua ya mbegu, weka dhahabu ya nanomita 2 hadi 5, na soma sehemu ya kusafisha kwa makini.

## Hatua ya pili: chagua grafini

Kwa mazoezi, tumia kinywe cha maabara kiitwacho HOPG. Unabandika utepe, unabandua, na unapata uso mpya safi ndani ya sekunde chache, bila kemikali. Tabia ya metali juu yake inakaribia sana ile ya grafini yenye tabaka nyingi. Naamini kila anayeanza afanye majaribio yake yote ya mwanzo hapo, kwa kuwa akikosea amepoteza utepe tu.

Grafini ya kubandua kwa utepe, ile iliyowapa Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester tuzo ya Nobel ya mwaka 2010, ndiyo bora kwa usafi, ila vipande vyake ni vidogo. Huanzia kwenye madini ya kinywe yenye vipande vipana, na Mahenge mkoani Morogoro inajulikana kwa vipande vya aina hiyo. Kwa eneo kubwa utatumia grafini iliyooteshwa kwa methani juu ya karatasi ya shaba kwenye joto la kama nyuzi 1000 za Selsiasi, njia iliyoenea tangu mwaka 2009, kisha ikahamishiwa kwenye silikoni yenye oksidi ya nanomita 90 au 300. Unene huo wa oksidi una sababu: ndio unaoifanya safu moja ya kaboni ionekane kwa hadubini ya kawaida.

Kumbuka pia kwamba idadi ya tabaka hubadilisha matokeo. Katika kipande kimoja, mbele ya mvuke uleule, sehemu yenye tabaka moja itapata chembe ndogo na nyingi, na yenye tabaka nyingi itapata chembe kubwa na chache. Ukilinganisha sampuli mbili, hakikisha tabaka zinalingana.

## Hatua ya tatu: safisha kana kwamba metali inaona

Inaona kweli. Picha za hadubini za kiwango cha atomi zimeonyesha kwamba dhahabu juu ya grafini hupenda kutua kwenye mabaki ya haidrokaboni kuliko kwenye grafini yenyewe. Kwa hiyo sampuli chafu inaweza kukupa mbegu nyingi na utando unaoonekana mzuri, lakini utando huo umekaa juu ya uchafu. Umeme utapita vibaya, metali itabanduka, na jaribio lako halitarudiwa na mtu mwingine, kwa sababu hakuna mtu mwenye uchafu kama wako.

Adui mkuu ni plastiki ya PMMA iliyobeba grafini wakati wa kuhamisha. Fanya hivi. Baada ya kuyeyusha shaba kwa amonia pasulfeti au feri kloraidi, ihamishie grafini kwenye mabakuli kadhaa ya maji yaliyoondolewa ioni, dakika kumi au zaidi kila bakuli, maana mabaki ya shaba na chuma nayo huwa mbegu. Inyanyue kwa silikoni, iache ikauke ikiwa imeinamishwa, kisha ipashe polepole hadi nyuzi 150 kwa kama dakika 15 ili plastiki ilegee na grafini ijilaze vizuri. Itumbukize kwenye asetoni kwa saa kadhaa, ikibidi usiku kucha, kisha isopropanoli, kisha ipulize kwa naitrojeni kwa upole. Usitumie bafu la mtetemo, grafini itapasuka.

Asetoni haimalizi kazi. Hubaki utando mwembamba wa plastiki ambao jicho haliuoni. Uondoe kwa tanuri: nyuzi 300 hadi 350, saa mbili au tatu, katika mchanganyiko wa agoni na hidrojeni au katika ombwe. Ukitumia gesi, nunua mchanganyiko uliokwishatengenezwa wenye hidrojeni kidogo, asilimia 5 au chini. Hidrojeni tupu karibu na tanuri la moto ni hatari isiyo na sababu. Usizidishe joto kwa tamaa ya usafi, kwa kuwa grafini iliyokaa kwenye oksidi hubanwa nayo na tabia zake za umeme hubadilika. Oksijeni ya plazima iache kabisa: huondoa plastiki na grafini pamoja.

Kisha thibitisha. Pima Raman kwa leza ya kijani. Grafini ya tabaka moja iliyo nzuri itakuonyesha kilele cha G karibu na 1580 cm⁻¹, kilele cha 2D karibu na 2700 kikiwa kimezidi G kwa mara mbili au zaidi, na pale 1350, mahali pa kilele cha D cha kasoro, pawe karibu tambarare. Hifadhi kipimo hiki. Bila picha ya kabla, ya baada haina maana.

Jambo moja la mwisho hapa, nalo lina faida kubwa kuliko gharama yake: acha ukingo wa grafini uonekane kwenye sampuli, ili upande mmoja uwe grafini na wa pili uwe oksidi tupu. Metali ile ile, sekunde ile ile, nyuso mbili. Utakapofungua hadubini, ukingo huo utakueleza mengi.

## Hatua ya nne: chemba, ombwe na kipimo cha unene

Chagua uvukizaji wa joto au wa mwale wa elektroni. Atomi inayotoka kwenye metali iliyoyeyuka hufika na nishati ya sehemu ndogo ya elektronivolti. Njia ya kung'oa atomi kwa ioni, inayotumika sana viwandani, hurusha chembe zenye makumi ya elektronivolti, na kaboni hung'oka kwenye grafini kuanzia kama 20. Utaona kilele cha D kikipanda mara moja. Kama hiyo ndiyo mashine pekee uliyonayo, punguza nguvu, ongeza mgandamizo wa agoni, na iweke sampuli mbali na pembeni ya njia ya moja kwa moja. Njia ya kemikali ya kuweka safu moja moja haifai kwa utando wa metali usiokatika, kwa sababu huota kwenye makunjo na mipaka tu na kuacha uwanda mtupu.

Kuhusu ombwe, fanya hesabu ifuatayo kabla ya kuridhika na namba kwenye kipimo. Kwenye mgandamizo wa 10⁻⁶ tori, gesi iliyobaki hugonga uso kwa kiasi cha kutosha kuufunika wote ndani ya kama sekunde moja. Tabaka moja la atomi za dhahabu lina unene wa nanomita 0.235, kwa kasi ya nanomita 0.1 kwa sekunde, litachukua zaidi ya sekunde mbili. Maana yake ni kwamba molekuli za gesi zinazogonga sampuli si chache kuliko atomi za dhahabu. Dhahabu haijali, kwa kuwa haishikani na oksijeni wala maji. Titani inajali sana. Titani iliyowekwa polepole katika ombwe la kawaida hugeuka oksidi kwa sehemu kubwa, na ungio lako la umeme hubadilika bila wewe kujua. Kwa hiyo lenga 5×10⁻⁸ tori au chini kwa ajili ya mbegu ya titani. Hapo muda wa kufunikwa unapanda hadi kama sekunde 20.

Titani yenyewe itakusaidia kufika huko. Ivukize dakika chache huku shata, kile kifuniko cha kuzuia mvuke, imefungwa juu ya sampuli. Titani inayotapakaa kwenye kuta hunasa oksijeni na maji, na utaona mgandamizo ukishuka wenyewe. Subiri ushuke, ndipo uanze kazi.

Kipimo cha unene ni fuwele ya kwazi inayotetema, kwa kawaida mara milioni 6 kwa sekunde. Metali ikiilemea, mtetemo unapungua. Kwa fuwele ya aina hiyo, nanomita 1 ya dhahabu hupunguza kama hezi 157. Kifaa hubadilisha namba hiyo kuwa unene kwa kutumia msongamano ulioingiza, kwa hiyo hakikisha umeandika 19.3 kwa dhahabu, 10.5 kwa fedha au 4.5 kwa titani. Kosa la kuacha msongamano wa metali ya jana ni la kawaida mno.

Fuwele haikai pale ilipo sampuli, hivyo unahitaji kigezo cha kurekebisha. Weka utando mnene, nanomita 50 hadi 100, kwenye kipande kilichofunikwa nusu. Pima kimo cha ngazi kwa hadubini ya nguvu za atomi. Gawanya kimo halisi kwa kile kilichosomwa, na uzidishe kigezo cha zamani kwa jibu hilo. Rudia kila unapohamisha chanzo au kishikio. Halafu kuna joto: mng'ao wa metali iliyoyeyuka huitikisa fuwele, na kwa safu za nanomita 1 mtikisiko huo unaweza kuonekana kama unene. Iache fuwele ione mvuke kwanza, isubiri itulie, ndipo ufungue shata ya sampuli.

Kama unatumia mwale wa elektroni, umeme wake ni wa maelfu ya volti. Usifungue chochote kabla ya kuhakikisha umeme umezimwa na fimbo ya ardhi imegusishwa.

## Hatua ya tano: panda mbegu

Hapa ndipo utando unapofaulu au kushindwa.

Kiasi kinachotosha ni nanomita 0.5 hadi 2. Chini ya hapo titani haifuniki vya kutosha. Juu ya hapo unaota utando wa titani wenye dhahabu kidogo. Mimi huchagua nanomita 1 kwa kazi za umeme na kushuka hadi 0.5 pale mwanga unapohusika.

Kasi ina mvutano wake. Ukienda nanomita 0.1 kwa sekunde, nusu nanomita inaisha kwa sekunde tano, na ukichelewa kufunga shata kwa sekunde moja umekosea kwa asilimia 20. Ukienda polepole sana, oksijeni inakuwahi. Kwa ombwe la 5×10⁻⁸, kasi ya nanomita 0.05 kwa sekunde inatoa nafasi nzuri: nanomita 1 kwa sekunde 20, muda ambao mkono unaweza kuudhibiti na gesi bado haijaharibu kitu. Kama ombwe lako ni bovu zaidi, ongeza kasi na utumie shata ya kujiendesha badala ya mkono.

Usiache pengo kati ya mbegu na dhahabu. Ile titani uliyoipanda kwa uangalifu inaanza kufunikwa papo hapo. Dhahabu iwe imekwishayeyushwa na kutulizwa kabla, kwenye kibakuli cha pili, ili baada ya kufunga shata ugeuze chanzo, upandishe nguvu na ufungue tena ndani ya muda mfupi iwezekanavyo. Kuvunja ombwe kati ya safu hizi mbili ni sawa na kutopanda kabisa.

Titani hufunga kifungo na kaboni, na kifungo hicho hubadilisha mwendo wa elektroni za grafini iliyo chini yake. Mwenye kutaka grafini ibaki kama ilivyo huku metali ikitandaa juu yake atalazimika kwenda kwenye baridi.

Njia ya baridi hupunguza mwendo wa atomi badala ya kuzipa mahali pa kushika. Kishikio cha sampuli hupozwa kwa naitrojeni ya maji hadi karibu nyuzi 196 chini ya sifuri. Atomi hutua, husogea kidogo tu, na mbegu huzaliwa nyingi sana. Lakini kitu baridi ndani ya chemba huwa mtego wa mvuke wa maji: kabla dhahabu haijaanza, sampuli yako inaweza kuwa imefunikwa na barafu. Kwa hiyo pasha sampuli kwanza ndani ya ombwe, nyuzi 150 hadi 200 kwa saa moja. Poza kuta au ngao ya chemba kabla ya sampuli. Na usianze mpaka mgandamizo ushuke vya kutosha. Ukimaliza, acha sampuli irudi kwenye joto la chumba ikiwa bado kwenye ombwe. Ukiingiza hewa ikiwa baridi, unyevu utaidondokea yote.

## Hatua ya sita: weka utando wenyewe

Pandisha nguvu ya dhahabu taratibu huku shata imefungwa. Dhahabu huyeyuka kwa nyuzi 1064 na huhitaji kama 1400 ili itoe mvuke wa kutosha. Ukiiharakisha, hasa ikiwa na uchafu wa kaboni juu yake, hurusha matone, na tone moja lenye upana wa mikromita ni mlima juu ya utando wa nanomita 8.

Kwa safu hii mwendo wa haraka ni rafiki. Atomi zikifika kwa wingi hukutana mapema kabla hazijakimbia mbali, mbegu zinaongezeka, visiwa vinagusana mapema. Nanomita 0.2 hadi 0.5 kwa sekunde ni kasi nzuri. Umbali kutoka kwenye chanzo uwe sentimita 30 au zaidi, ili mng'ao usipashe sampuli. Joto hilo hurudisha mwendo ule ule unaojaribu kuuzuia. Kwa nanomita 8, kazi yote imekwisha chini ya dakika moja.

Weka pia vipande viwili vya ushahidi kando ya sampuli: kioo cha hadubini kilicho safi, na kipande cha silikoni yenye oksidi isiyo na grafini. Utaona faida yake sasa hivi.

Funga shata, shusha nguvu, na subiri nusu saa kabla ya kuingiza naitrojeni.

## Hatua ya saba: soma ulichokipata

Anza kwa jicho. Kinyanyue kile kioo cha ushahidi mbele ya mwanga mweupe. Dhahabu iliyoungana na kuwa nyembamba hupitisha rangi ya kijani yenye ubuluu. Dhahabu iliyo kwenye visiwa hupitisha zambarau au buluu ya waridi, kwa sababu elektroni zake hutetema ndani ya kila kisiwa na kumeza sehemu ya mwanga. Kipimo hiki hakigharimu kitu na hutolewa ndani ya sekunde. Kioo si grafini, kwa hiyo kikikuonyesha zambarau, ujue juu ya grafini hali ni mbaya zaidi.

Halafu tazama ukingo ulioacha. Juu ya oksidi visiwa huwa vidogo na vingi, juu ya grafini huwa vikubwa na vichache, kama mbegu haikufanya kazi. Pande mbili zikifanana, mbegu imefanikiwa: dhahabu haitambui tena iko juu ya nini. Sijui kipimo kingine cha mafanikio kilicho wazi kuliko hiki.

Umeme unahitaji uangalifu, kwani wengi hudanganyika hapa. Juu ya kioo, utando wa visiwa haupitishi umeme, na siku visiwa vinapogusana ukinzani huporomoka ghafla. Juu ya grafini hakuna mporomoko wa namna hiyo, kwa sababu grafini yenyewe inapitisha. Tumia sindano nne zilizopangwa kwa mstari, pima volti na ampea, na uzidishe uwiano wake kwa 4.53 ili upate ukinzani wa mraba. Grafini peke yake huwa na mamia ya omu hadi elfu na zaidi. Ukipata mamia, metali yako bado haijaungana, hata kama kifaa kinaonyesha umeme unapita. Dhahabu ya nanomita 10 ingekuwa na omu 2.2 hivi kama ingefanana na dhahabu nene. Tarajia mara kadhaa ya hapo, kwa kuwa elektroni ndani ya dhahabu husafiri karibu nanomita 38 kabla ya kugongana, na hapa inakutana na ukuta mapema zaidi.

Rudia Raman mahali pale pale. Usishtuke vilele vikipanda vyote pamoja: visiwa vya dhahabu hukuza ishara. Kinachopimwa ni uwiano wa D kwa G. Uwiano huo ukiongezeka, grafini imeumia. Ukibaki ulivyokuwa, ni nzima.

## Matatizo na chanzo chake

Utando unabanduka kwenye asetoni: mbegu haikuwepo, au iligeuka oksidi, au kulikuwa na plastiki chini yake. Pima sampuli nyingine isiyo na metali kwa hadubini ya nguvu za atomi. Ukikuta vinundu vya nanomita kadhaa, ni plastiki.

Visiwa vimejipanga kwenye mistari: hayo ni makunjo na mipaka ya grafini ikinasa atomi. Mistari yenyewe si tatizo. Uwanda ulio mtupu kati yake ndio unaokuambia mbegu ni chache.

Utando ulikuwa mzuri jana na leo una matundu: umepashwa joto. Dhahabu ya nanomita chache hujikunja na kurudi kuwa visiwa ikifikishwa nyuzi 200 au 300, na wakati mwingine chini ya hapo. Panga kazi zote za joto zifanyike kabla ya metali. Fedha ni dhaifu zaidi, na hewa yenye salfa huifanya nyeusi. Itunze kwenye naitrojeni, au ifunike mara moja ndani ya chemba ileile kwa nanomita chache za oksidi.

Metali imetoweka juu na grafini inaonekana safi: hili hutokea kwa grafini iliyooteshwa juu ya silikoni kabaidi ikipashwa mamia ya nyuzi. Dhahabu, risasi, bati, indi na gali huweza kupenya kwenye kasoro na kujilaza chini ya grafini. Mwaka 2020 kundi la Joshua Robinson, Penn State, lilitumia mlango huo makusudi kutengeneza gali, indi na bati zenye unene wa atomi chache tu, zikiwa zimefunikwa na grafini inayozikinga na hewa. Mwenye kutafuta metali nyembamba kupita zote aifikirie njia hiyo. Ataanza kwa kununua sahani ya silikoni kabaidi, na atahitaji tanuri linalofika nyuzi 800 bila kuvuja.